Mtondo, Si Mtondogoo

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekwenda kuazima riwaya katika mwaka usio na namba. Nilijua hauna namba kwa sababu kalenda ilikuwa nyeupe pe, na bado mtu alikuwa ameitundika vizuri kabisa kwenye msumari. Ukuta wa kupigilia huo msumari haukuwepo.

Maktaba yenyewe ilikuwa uwanda mkavu wa rangi ya jivu, na katikati yake imesimama friji. Haikuunganishwa na umeme popote, lakini ilinguruma.

Mimi napenda riwaya za mwisho wa dunia, sijifichi. Napenda majumba matupu, barabara zisizo na mtu, na yule mmoja aliyesalia anayetafuta kopo la maharage. Mume wangu Shekue husema nalala na maiti kitandani. Shauri yake. Yeye hulala na redio ya mpira.

"Hodi," nikasema.

"Karibu, dada," friji ikajibu. "Unatafuta ya kusoma?"

"Nzuri lakini. Mbovu ninazo nyumbani."

Ikajifungua yenyewe. Pale pa kuwekea mayai na maziwa zilikuwa zimepangwa riwaya, zinafuka moshi wa baridi.

"Miisho huharibika kwa joto," ikanieleza.

Nikaona ni kweli, mbona hata mchuzi huharibika. Ndoto bwana.

Ikanionyesha moja ambayo watu wamesahau maji yalivyo, wanaabudu ndoo. Ikanionyesha nyingine ya miaka laki tisa ijayo, binadamu wamebaki sauti tupu hewani, na bado wanagombania mirathi. Hiyo nilicheka mpaka nikashika mbavu. Friji haikucheka.

"Hizo za kupitisha wakati," ikasema. "Inayostahili kusomwa hasa ni hii."

Ikasukuma mbele kitabu cha kijivu kilichoshika barafu.

"Mwisho wake unaliza. Watu wote wanahama kabla dunia yao haijaisha. Anabaki mmoja, hana habari."

"Hana habari vipi, na wenzake wote wameondoka?"

"Alisikia vibaya."

Sasa mimi sina subira na katikati ya vitabu. Huruka kurasa, nikaone kwanza nani kapona. Nikafungua, nikaruka. Safari hii niliruka kweli. Miguu yote miwili iliacha ardhi, nikapita juu ya sura ya kwanza, nikapita juu ya ya pili, watu wa humo wananitazama toka chini wamekinga macho kwa viganja. Nikatua ukurasa wa mwisho kwa magoti.

Ni mchana. Jua ni kubwa mno na limepauka, limekuwa rangi ya chai ya maziwa. Hakuna ndege, hakuna hata nzi. Nyumba zipo, milango iko wazi, vyakula vimeachwa kwenye sahani. Na katika ua mmoja mwanamke anaanika nguo, anaimba kwa puani.

Ni Sikudhani, mdogo wangu. Tumbo moja, ziwa moja.

"Wee! Unafanya nini humu?"

"Shikamoo, dada. Nafua."

"Marahaba. Watu wako wapi?"

"Wameshaondoka. Wana papara hao! Mimi nasubiri nguo zikauke, nitawafuata jioni. Si dunia inaisha kesho?"

"Nani kakwambia kesho?"

"Si walitangaza? Mtondogoo. Nimehesabu mwenyewe, bado kesho."

Moyo ukanilipuka paa! Tangazo lenyewe lilikuwa limechapwa pale juu ya ukurasa, juu ya kichwa chake, mahali ambapo aliyemo kitabuni hawezi kupaona. Limeandikwa kwa herufi nene: DUNIA ITAISHA MTONDO.

Mnawajua wadogo zetu. Kesho wanaijua, keshokutwa wanaijua. Mbele ya hapo, mtondo ya siku ya tatu na mtondogoo ya siku ya nne kwao ni kitu kimoja, neno la bibi tu la kusema "huko mbele". Siku nzima baina yake hawaioni. Na mdogo wangu mimi alikuwa anafulia nguo ndani ya siku hiyo.

"Walisema mtondo, si mtondogoo! Ndiyo leo!"

"Usinitanie, dada."

"Nikutanie mimi nina wazimu? Tazama kule!"

Akatazama. Kule mwisho wa nyumba kulikuwa kumeanza kuwa kweupe. Si ukungu wala moshi. Ni kweupe tu, hakuna kilichoandikwa. Kibanda kimoja kikawa hakipo. Kikafuata cha pili, bila kishindo. Sikudhani akaangusha shuka mchangani.

Niliogopa, jamani. Sijawahi kuogopa vile hata nikiwa macho.

Nikamshika mkono wa kulia. Hapo hapo sauti ya friji ikashuka kutoka juu, ya upole vile vile.

"Dada, huyo usimtoe."

"Ni mdogo wangu!"

"Ndiye mwisho wenyewe. Ukimtoa, wote watakuwa wamepona. Riwaya ambayo wote wamepona nani ataisoma?"

"Isisomwe! Ikaoze huko!"

"Haitastahili."

"Isistahili! Liwalo na liwe!"

Shida ni kwamba Sikudhani hajui kuruka kurasa. Ni mtu wa kusoma neno kwa neno, hata maandishi ya nyuma ya pakiti ya sabuni. Nikaruka mimi, yeye akabaki anavuta mguu, na ule weupe ukamfikia kisigino. Ukamkamata. Nikavuta kwa nguvu zote alizonipa Mungu. Nikasikia kitu kinalia ko! begani kwake, naye akapiga ukelele, "Mama wee!" Sikumwachia. Heri anilaumu.

Nikaanguka chali juu ya jivu, mbele ya friji. Mkononi sina mtu.

"Yuko wapi?"

"Ametoka," friji ikasema. Ngurumo yake ilikuwa imekoma. "Na mwisho umetoka naye. Ukishatoka kwenye baridi haurudi tena. Lazima uharibikie mahali."

"Mahali gani?"

"Kwenu."

"Lini?"

"Mtondo."

"Mtondo au mtondogoo? Sema vizuri!"

"Mtondo, dada," ikasema. "Sisi huku hatukosei."

Ikajifunga.

Nikaamshwa na Shekue ananitikisa. "Simu yako inalia muda wote huo, na wewe umelala tu."

Kumekucha. Jirani anafagia uwanja, mtu anaita muuza maandazi. Kwenye simu ni Sikudhani.

"Shikamoo, dada. Samahani kukuamsha. Nimeamka bega limevimba, mkono hauinuki kabisa. Sijui nimelalaje."

"La kulia?"

"Umejuaje?"

Nilikuwa nimekaa kitandani natazama kiganja changu.

"Wala usihangaike," akasema. "Wiki ijayo nikipata nafasi nitakwenda kuonwa."

"Usingoje wiki ijayo. Vaa, nakufuata tukae pamoja."

Akacheka. "Haraka ya nini, dada? Kwani dunia inaisha leo?"

"Leo hapana," nikamwambia. "Vaa."