Aliyeitikiwa Hadi Februari

Chuo chetu cha jioni kinafungwa Machi hii, baada ya miaka hamsini na minane, na kamati imeniangushia mimi sura ya miaka ya mwanzo katika kitabu cha kumbukumbu. Walisema nina kumbukumbu nzuri. Nadhani walimaanisha kwamba wenzangu wengi wamekwisha kufa.

Yaliyo rahisi nimeshayaandika. Kwamba tulikuwa wachomea vyuma, wapanga barua wa posta na wauguzi wa mji wetu wa viwanda, Amagasaki. Kwamba masomo yalianza saa kumi na mbili kasorobo. Kwamba darasa lilinuka mafuta ya mashine na tambi za mchuzi tulizobugia kantini. Kuna mwaka tulijaa hadi kwenye ngazi. Mwaka jana walijiandikisha tisa. Nayaandika haya bila kuhisi chochote, kama mtu anayemenya viazi.

Jumanne, karani wa chuo, binti aitwaye Orie, aliniletea mgeni: mama wa miaka kama sabini, koti la kijivu, boksi la keki za mchele mkononi. Aliitwa Fumiyo. Nilimjua kwa paji la uso kabla hajatajwa. Ni dada wa Iwakiri, niliyesoma naye darasa moja.

"Mzee Nagase, mama anataka kaka yake aingie ukurasa wa marehemu," Orie alisema. "Wale waliofariki wakiwa wanafunzi. Ila hapa imeandikwa aliacha masomo bila taarifa."

"Hakuacha," Fumiyo alisema. "Alikufa kiwandani. Novemba kumi na tisa."

"Ndiyo shida yenyewe, mama. Daftari linasema alihudhuria mpaka Februari. Na maiti haihudhurii darasa." Orie akajishika mdomo. "Nisamehe, mama."

Iwakiri alikuwa akitoka kazini saa kumi na mbili kamili. Alikuja mbio, na bado alichelewa nusu saa. Jina lake likiitwa, mimi nilikunja kidevu na kuitika kwa sauti nzito, "Nipo." Jumamosi, siku ya zamu yangu ndefu ya posta, yeye aliniitikia mimi. Nusu ya darasa iliitikiwa na nusu nyingine, ingawa aliyekamatwa alifukuzwa.

"Leo nimehudhuria vizuri?" angeuliza, jasho likimtiririka.

"Kuliko jana. Ila umeuliza swali la kijinga, mwalimu kakushangaa."

"Hilo swali lako, kiazi we. Usinisingizie."

Novemba ile nilimwitikia jioni mbili bila kujua kwamba amekufa. Siku ya tatu nikaenda kumuulizia, na mlinzi wa kiwanda akanieleza langoni. Nikaenda darasani vilevile. Mwalimu Sugimori akaita, "Iwakiri," na mdomo wangu ukaitika. Sikuamua. Kesho yake nikaitika tena. Kuacha kungenilazimu kusema kwa nini nimeacha, na hilo sikuliweza. Sikulia wala sikwenda mazishini. Februari ukaja mtihani wa kuandika, na kwenye mtihani huwezi kumwitikia mwenzako.

Shahada yangu imetundikwa ukutani, na kukiri kungeitia doa. Wajukuu wangu wameizoea kama saa. Ningeweza kusema daftari limekosewa, na hakuna ambaye angebisha. Au ningeweza kunyamaza, Iwakiri akabaki mtoro ndani ya kitabu nilichokiandika mimi.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikimwitikia," nikasema. "Nilijua amekufa, na niliitika."

Orie aliacha kufunua kurasa.

"Kumbe ni wewe," Fumiyo alisema taratibu. "Mwalimu Sugimori alikuja kwetu siku ya arobaini na tisa baada ya kifo, ya kumwombea marehemu, akafukiza ubani. Akamwambia mama: 'Kuna kijana darasani bado anamwitikia mwanao, na mimi sina moyo wa kuliruka jina. Siku atakaponyamaza ndipo nitalifuta.'"

"Alijua?"

"Alijua, kaka. Mama alikusubiri mpaka akafa. Kila mtu alikuja isipokuwa wewe."

Orie akachukua kalamu, akaliandika jina kwenye ukurasa wa marehemu, akaniuliza kama herufi ni sahihi. Nikasema ni sahihi.

Jumamosi tulikutana ukumbini kukiaga chuo. Wazee tulijaa viti vya mbele, Fumiyo ubavuni mwangu. Orie alisoma majina ya marehemu, na kwa kila jina tuliinamisha vichwa. Nilikuwa mkavu vilevile, nikiwaza treni ya kurudi nyumbani.

"Iwakiri Tokuji," Orie akasoma.

Kidevu changu kilijikunja chenyewe. Sauti ile nzito ilikuwa imeshafika kooni, miaka hamsini na mitano na haikusahau njia. Fumiyo akanishika mkono wa koti.

"Nyamaza sasa, kaka," akaninong'oneza.

Niliumia, nikaumia kweli, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya langoni. Nikanyamaza. Orie alisubiri kidogo, kisha akasoma jina lililofuata.