Mpaka Ulioteremka

Bucha ya Kiangeni ilikuwa imebaki na ndoano tu. Zilining'inia juu ya sakafu ya tope kavu, na chini yake mbuzi wa mtu walilala bila wasiwasi wowote. Rwamba aliwapita haraka. Naibu wa chifu alikuwa amesema saa nne. Yeye akichelewa, ni kazi nyingi. Mjane akichelewa, ni dharau.

Soko zima lilihamwa masika ile mlima ulipokatika. Udongo ulifukia nyumba za upande wa juu, ukamfukia na Kivuti, mume wa Rwamba, asipatikane hata kiatu. Waliosalia walifukuzwa kwa usalama wao, wakapewa mahema. Huu ni mwaka wa tatu mahema yanavuja, na walioahidi nyumba hawaonekani hata kwa dawa. Leo ardhi ya Kiangeni ilikuwa inapimwa upya. Rwamba alitaka kitu kimoja tu, shamba lake la kule juu.

Aliwakuta chini ya mteremko. Misheck, naibu wa chifu, alikuwa ameegemea gari la Ndambiri, tajiri mwenye mashamba ya chai bondeni, naye mwenyewe amesimama kando.

"Mama Wanja, title huna," Misheck alimwambia Rwamba. "Sasa tutajuaje kama ulikuwa na shamba?"

"Itoka zangu ziko. Nyinyi ni Waembu, mnajua."

Nani asiyejua? Itoka ni ua la mpakani. Likishapandwa mbele ya wazee, atakayeling'oa amejitakia laana, na kesi nyingi za mashamba zimeamuliwa na ua hilo bila wakili. Rwamba aliwapeleka hadi kwenye rundo la udongo kando ya chai ya Ndambiri. Mlima ulikuwa umeziteremsha itoka zake pamoja na udongo wake, na zilikuwa zimeota tena, zikazunguka kipande kidogo cha mawe.

"Hizi alizipanda baba yake Kivuti," alisema. Alijisikia kuwa na nguvu kwa mara ya kwanza tangu mazishi yasiyo na maiti. "Hao ndio mashahidi wangu."

"Na itoka haidanganyi?" Ndambiri aliuliza kwa upole.

"Haijawahi. Penye itoka ndipo penye mpaka."

"Umesikia, Misheck? Amesema mwenyewe. Mpaka wake uko hapa."

Rwamba alinyoosha kidole kuelekea mlimani. "Hapana, mzee. Zimetoka kule juu! Shamba ni lile la juu, penye maji!"

"Kule juu kuna itoka?" Misheck aliuliza.

"Si zimeteremka!"

"Basi kule hakuna mwenyewe. Ni ardhi ya serikali, na mheshimiwa Ndambiri ameomba kuitunza. Anajenga lodge, vijana wetu wapate kazi." Alikunja uso kama mtu aliyechoshwa na mtoto. "Shukuru, mama. Umepewa mahali bure, na hapa palikuwa paingie kwa chai yake."

Kipande chenyewe kisingetosha kuanikia maharagwe ya gunia moja. Rwamba alipiga magoti, akashika itoka ya kwanza kwa mikono miwili.

"Nitazing'oa nizirudishe."

"Mama!" Misheck aliruka mbele. "Ung'oe itoka mbele yangu? Unataka laana iingie kwa watoto wako? Hata sheria sitaihitaji, nitaita wazee tu."

Aliiachia itoka. Aliwachukia wote wawili, na akamchukia baba mkwe wake aliyezipanda. Ndambiri alikuwa ameshageuka, akiwapungia mkono vijana wake walioshuka kutoka juu wakiwa wamebeba bango la serikali, nguzo yake bado ina udongo mbichi. Lilikuwa na maandishi mekundu: HATARI. NI MARUFUKU KUISHI HAPA.

"Kule halihitajiki tena," Misheck aliwaambia. "Liwekeni hapo katikati ya itoka."

Walichimba kati ya mawe, wakasimamisha nguzo, wakaikanyagia udongo kwa viatu. Gari la Ndambiri lilishapanda mlima. Misheck alilitikisa bango kuona kama limeshika, kisha akamtazama Rwamba, aliyekuwa bado amepiga magoti.

"Na wewe toka hapo, mama. Si unaona imeandikwa?"