Nyumba Katika Ngao ya Bwana Coish

Philomena Keeping, jirani wa ukuta mmoja, anasema alipoingia kwa Imelda kuazima sukari aliona taa ikiwaka kwenye kidirisha kilichochorwa, na kwamba moshi wa jiko la mle ndani ya karatasi ulimfanya akohoe. Imelda Pardy hakatai. Anachosahihisha ni kwamba Philomena alikuja kuazima maziwa ya kopo.

Karatasi yenyewe ilikuwa nembo ya Bwana Leander Coish, aliyeteuliwa majuzi kuwa mwakilishi wa Malkia hapa kisiwani Newfoundland, Kanada. Mtu wa cheo hicho hupewa nembo yake mwenyewe, na mchoraji ni Imelda. Bwana Coish alitaka ngao ya buluu, mawimbi meupe, na juu ya mawimbi nyumba inayoelea. Ujanani ndiye aliyewahamisha watu wa vijiji vya pwani kwenda kwenye miji yenye barabara. Nyumba zao za mbao zilifungiwa mapipa matupu ili zielee, zikavutwa baharini na boti, vikombe vikiwa kabatini. Chini ya ngao aliomba neno la Kilatini lenye maana ya "Niliwavusha."

Nyumba moja haikuvuka. Ilizama katikati ya ghuba na mama yake Imelda akiwa ndani, amekaa kitandani, amegoma kutoka. Jumapili yake Coish alisimama kanisani akasema nyumba ile ilikuwa tupu. Basi hakuna aliyemtafuta mama, wala hakuna kaburi.

Imelda alipomaliza kupaka rangi kuta za nyumba ya kwenye ngao, mama alifungua dirisha.

"We mtoto, mbona umekonda hivyo? Unakula kweli?"

"Nakula, mama. Samaki wa chumvi na viazi."

"Peke yako?"

"Sasa na nani?"

Mama akarudi kuosha vikombe. Tangu hapo Imelda alisogeza sahani yake karibu na ngao, wakawa wanakula pamoja, huyu huku na yule kule, bila maneno mengi. Maji yaliyovuja kwenye mawimbi aliyafuta kwa kitambaa.

"Shoga, mwambie mamako bado ana sufuria yangu," Philomena alisema mlangoni, akaenda zake.

Ijumaa Bwana Coish alikuja kuikagua nembo. Alivaa miwani, akainama hadi kwenye kidirisha.

"Habari za siku nyingi, Bi Pardy."

"Leander," mama alisema, "umezeeka vibaya."

Coish akainuka. "Kazi safi, Imelda. Ila hilo dirisha lichoree pazia."

"Pazia nitachora," Imelda alisema. "Lakini siku ya kukabidhiwa nembo watu watajaa ukumbini. Waambie kwamba mama alikuwamo."

Bwana Coish alivaa glavu zake polepole, kidole kimoja kimoja. Akauliza kama fremu itakuwa ya mwaloni au ya msonobari.

"Mwaloni," Imelda alijibu, kisha akamwomba tena. Nje, dereva alikuwa ameshafungua mlango wa gari.