Ruhusa ya Mtoto wa Kanali

Mume wangu ni Kanali, na askari wake wanamwita Rula. Wanadhani sijui. Najua sana, na wangechelewa kulipata hilo jina ningewapa mimi mwenyewe. Huyu ni mtu anayepitisha kidole juu ya fremu ya mlango kutafuta vumbi, halafu anakuonyesha kidole chake kana kwamba vumbi lile umelizaa wewe. Nimehama naye kota hadi kota. Nikianza tu kuzoeana na jirani, amri inakuja, haya, fungeni mizigo. Kwenye sherehe za mesi, bwalo la maofisa, nimekaa pale cheo chake kiliponikalisha: alipokuwa kapteni nilikuwa nyuma, karibu na jikoni, alipokuwa meja nikasogezwa mbele kidogo, na mke wa Brigedia akicheka sote tunacheka, hata ambao hatujasikia alichosema. Nilivumilia. Niliambiwa ndoa ni kuvumiliana. Nyoo! Kuvumiliana kunataka watu wawili.

Watoto aliwafundisha kwamba akiwa na magwanda aitwe Afande, akiyavua ndiyo aitwe Baba. Binti yetu alipopata akili aliolewa mbali, na hapigi simu nyumbani mpaka ajue baba yake yuko kazini. Kitinda mimba wangu wa kiume hakuponyoka. Yeye alitaka ualimu. Akabebwa mzobemzobe hadi chuo cha jeshi, na sasa ni Luteni kwenye kikosi cha mbali huko, mpakani.

Sasa sikia. Uvimbe uliniota tumboni. Daktari akasema nipasuliwe haraka, na hakunificha kitu, alisema huenda nisiamke. Mwanangu akaomba ruhusa aje anione. Akanyimwa. Nikaingizwa chumba cha upasuaji sijamwona, na njia nzima kitandani namlaani kamanda wake, mtu ambaye hata sura yake siijui. Mungu si Athumani, nikaamka. Nikarudishwa nyumbani na mishono yangu, natembea nimejikunja huku nashika ukuta.

Ikawa siku moja asubuhi, Kanali yuko kazini, mlango wa jikoni ukagongwa. Nafungua, mwanangu huyo! Hana magwanda, amekonda, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwa ametoroka kikosini.

"Waliniambia umeamka, mama," akasema. "Sikuwaamini. Nilitaka nikuone kwa macho yangu."

Nililia mpaka mishono ikauma. Nikampa chai, nikampeleka chumba cha wageni apumzike kidogo. Tukakubaliana kwamba akiamka ataoga, kisha atakwenda kwa miguu yake hadi geti la kambi, mwisho wa barabara yetu, ajisalimishe. Wake za wanajeshi hesabu hii tunaijua vizuri. Aliyejileta mwenyewe ataadhibiwa, pengine atashushwa cheo, lakini atabaki mtu. Anayekamatwa mafichoni ni mtoro, na mtoro anafungwa, akitoka jela hana kazi wala heshima. Mume wangu ameketi kwenye mahakama ya jeshi akawafunga vijana wa watu kwa utoro, akarudi nyumbani akala chakula chake chote, akaongeza.

Mchana Kanali akarudi kabla ya wakati wake. Mwanangu alikuwa bafuni. Kanali akapita mlango wa chumba cha wageni, akarudi nyuma, akachungulia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Blanketi limevutwa mpaka limekaza, pembe zimekunjwa kwa usawa, mto umewekwa katikati kabisa. Jamani mwanangu! Mtu umelikimbia jeshi lenyewe, lakini mikono inashindwa kuondoka kitandani bila kukitandika kijeshi.

"Wewe huwezi kuinama," Kanali akaniambia. "Nani kalala humu?"

Sijatunga hata uongo wa kwanza, mlango wa bafu ukafunguka. Mwanangu akatoka, akamwona baba yake ndani ya magwanda, akasimama wima, mikono mapajani.

"Afande."

Nilitamani kumzaba kofi. Si amwite baba! Siku hiyo moja tu, amwite baba!

Kanali hakumuuliza amefikaje wala amekula nini. Akaenda mezani kwenye simu. Nikajikokota, nikaweka kiganja changu juu ya simu.

"Nakuomba usipige. Anakwenda mwenyewe. Mwache tu avae viatu."

"Ondoa mkono."

"Ni mwanao huyu! Mama yake yuko mahututi, ananyimwa ruhusa, ulitaka afanyeje? Huyo kamanda wake yeye hakuzaliwa?"

"Kamanda wake hana kosa," akasema, sauti ileile ya kuuliza chumvi mezani. "Alinipigia kuniuliza. Mimi ndiye niliyemwambia asimpe."

Mkono wangu ulibaki palepale.

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba asipendelewe. Ningesema apewe, kesho wangesema mtoto wa Kanali anadekezwa."

"Na orodha ya wanaopandishwa ubrigedia inakaribia kutoka," nikamwambia. "Sema yote, usimeze."

Akatazama saa yake.

"Na kama ningekufa?"

"Hukufa," akasema.

Nimeishi na mtu huyu, nimemfulia, nimemzalia, nimemuuguza malaria zake, na siku hiyo ndipo nilipomchukia. Nasema wazi, nilimchukia. Akauondoa mkono wangu kwenye simu kidole kimoja kimoja, akapiga kwa polisi wa jeshi. "Nina mtoro nyumbani kwangu. Njooni mumchukue." Hata neno mwanangu halikumtoka.

Akaweka simu, akajipapasa kidevu. Ndevu zilikuwa zimechomoza. Ebo, Kanali apokee polisi na ndevu! Akamwambia kijana, "Usiondoke hapo ulipo." Akaniambia mimi nimpigie pasi shati jingine. Akaingia bafuni, akafunga mlango, maji yakaanza kumwagika. Hakuona haja ya mlinzi, maana katika nyumba ile agizo lake lilikuwa halijawahi kuvunjwa.

Nikachukua funguo za gari ukutani.

"Twende."

"Afande amesema nisiondoke."

"Afande amesema, na mimi nimekuzaa! Twende, kabla hajafika shavu la pili!"

Dereva wa Kanali alikuwa amekwenda kula. Gari la jeshi liko uani na kibendera chake mbele, gari ambalo mimi raia siruhusiwi hata kuliegemea. Mwanangu akanyoosha mkono aendeshe.

"Ukigusa usukani watakubambikia wizi wa gari," nikamwambia. "Kaa huko."

Niliendesha mara ya mwisho kabla sijaolewa, kwenye pikapu ya kaka yangu. Gia ikalia, gari likaruka nje ya geti la nyumbani, na mshono mmoja nikausikia ukiachia. Nguo ikaanza kulowa. Mwanangu akaiona damu, akaanza kulia, mtu mzima na mabega yake. Nikamwambia anyamaze, nina kazi. Askari wa njiani wakikiona kibendera wanapiga saluti bila kutazama ni nani ndani. Mimi nawaitikia kwa honi. Mbele kidogo, uso kwa uso, likatokea gari la polisi wa jeshi, lile lile lililoitwa. Wakakiona kibendera, wakapisha pembeni, wakapiga saluti nzuri ya kunyooka, wakapita kwenda nyumbani kwangu kumchukua mtoro.

Kwenye geti la kambi sikuingia. Nilisimamisha gari nje, nikamwambia ashuke atembee. Akatembea. Sajenti wa zamu akatoka kwenye kibanda, akamsikiliza, akanitazama mimi niliyeshikilia mlango wa gari.

"Ameletwa, au amekuja mwenyewe?"

"Una macho," nikamwambia. "Nani amemshika?"

Akaandika kwamba amekuja mwenyewe. Nikamwomba asome kwa sauti alichoandika, akasoma. Mwanangu akawekwa kwenye benchi la ndani, bila pingu. Ndipo simu ya kibanda ikalia, na Sajenti akaipokea akasimama wima peke yake.

"Ndiyo, Afande. Yuko hapa, Afande. Hapana, hajakamatwa, amejileta. Imeshaandikwa, Afande." Akasikiliza. Akaziba simu kwa kiganja, akaitazama nguo yangu ilivyolowa, kisha akainamisha macho kwa aibu isiyo yake.

"Mama, Kanali anauliza kama gari limekwaruzwa."

Nikaweka funguo mbele yake.

"Mwambie gari ni zima, amtume dereva alifuate. Mimi asinitumie mtu."