Saa Iliyotafuta Moyo wa Abdia

Saa ya kuhesabu hatua iliyokuwa mkononi mwa Sabdio ilizimika kabla ya adhuhuri, kama jana na juzi, yeye akiwa bado njiani na dumu la pili. Ilikuwa kuukuu. Mradi wa maji uliipata kwa watu walioichoka. Masharti yalikuwa mafupi: kila kijiji kivalishe mwanamke mmoja saa, na kitakachoonyesha safari ndefu zaidi ya mtoni, siku saba mfululizo, kitapata bomba. Saa ikizimika, siku inafutwa. Sabdio alikuwa amefutiwa wiki mbili, na mambo yalikuwa yamemfika kooni.

Akapanda bodaboda hadi Garsen, kwa Kaingu fundi simu. Kaingu akapunguza mwangaza wa kioo, akazima mtetemo, akaiwasha upya. Akamwambia atembee hadi msikitini na kurudi. Chaji haikushuka.

"Mtoni unaenda peke yako?"

"Na mama."

"Si mama yako Abdia alichukuliwa na mamba?"

"Huyo huyo."

Kwao mwanamke hateki maji peke yake. Abdia alikufa mwaka juzi, na kesho yake akarudi kazini, kwa kuwa mapipa yalikuwa matupu na hakuna aliyemwambia apumzike. Tangu hapo, wakishuka ukingo wa mto, humshika bintiye kifundo cha mkono wa kushoto, huo wenye saa sasa, asiteleze.

Kaingu aligeuza saa, taa ya kijani ikimemeta tumboni mwake. "Basi ndiyo hiyo, dada. Hii taa inatafuta mapigo ya moyo. Ikimgusa mama haipati kitu, inatafuta tena kwa nguvu. Betri itakosaje kuisha? Mwambie ashike mkono wa kulia."

Abdia alikubali, akinung'unika kwamba zamani watu walikufa bila kuhamishwahamishwa.

Saa ikadumu siku nne kwa chaji moja. Siku saba zikatimia, hatua elfu ishirini na mbili kila siku. Sabdio alifurahi mpaka akachagua mahali pa bomba, karibu na zizi lake, mbali na mbuzi wa jirani.

Wiki iliyofuata akaja Mahadi, afisa wa mradi, na karatasi zake.

"Hongera, Sabdio, umewashinda wote. Moyo wako ni mzima kuliko mioyo yetu sisi wa ofisini. Haya ni mazoezi mazuri sana. Bomba tumewapa wale wa kijiji cha kando ya barabara. Wao wakitembea kidogo tu wanahema."

"Na mimi?" Abdia akauliza. "Hatua zangu ziko wapi?"

Mahadi alipekua orodha kwa adabu. "Mama, wewe hukusajiliwa."

Sabdio akavua saa, akamrudishia. Mahadi akaitazama, akasifu betri, akafuta jasho, kisha akaomba maji ya kunywa.

Abdia ndiye aliyemletea, kikombe kimejaa pomoni, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Mahadi alikunywa yote, akaomba kikombe kingine.