Zabibu za Magharibi

Kwa miaka ishirini na mitatu Traudel Pietzsch alimwokea wifi yake keki ya Krismasi, na kwa miaka yote hiyo alimdanganya.

Mambo yalikuwa hivi. Gudrun, huyo wifi, alitorokea Magharibi akiwa msichana, kabla ukuta wa kuwazuia watu wa Mashariki kuhama haujajengwa, akaolewa mji wa Celle na karani wa reli aitwaye Eckhard. Kaka yake, Lothar, alibaki Mashariki, karibu na Dresden, pamoja na mama yao na mkewe Traudel. Gudrun aliomba kibali cha kwenda kumwona mama yake mara tatu, na mara tatu alinyimwa bila kuambiwa sababu. Basi kila Oktoba akawa anafunga kifurushi, anaandika juu yake kuwa ni zawadi wala si bidhaa, kama sheria ilivyotaka, na kukituma. Ndani mlikuwa na zabibu kavu, lozi, na maganda ya limau yaliyopikwa kwa sukari, vitu ambavyo kule Mashariki hukuvipata dukani hata kwa dawa. Desemba ikifika, shtolen inarudi Magharibi: keki nzito ya kilo mbili, imefunikwa sukari nyeupe pande zote.

Hapo ndipo Eckhard alipopata raha yake ya mwaka. Alikata kipande, akafumba macho, akatafuna polepole, kisha akawageukia majirani. "Mnaonja? Hizo ni zabibu zetu. Mikono yao, mali yetu." Hakuwa mtu mbaya, Eckhard. Alikuwa na mdomo tu, na mtu mwenye mdomo hakosi wa kumchekea.

Sasa ukuta ulikuwa umeanguka, na tangu Oktoba nchi ilikuwa moja. Mwezi ule Gudrun hakutuma kifurushi, alituma barua. "Wifi, mwaka huu uje uoke hapa hapa jikoni kwangu. Majirani wote wanataka kukuona." Traudel aliisoma amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. Mama mkwe alishafariki, Lothar naye akamfuata, na watoto hakujaliwa. Ndugu aliobaki nao duniani walikuwa hao wawili wa Celle. Kukataa hakuweza, na kwenda aliogopa.

Aliogopa kwa sababu hakuna zabibu hata moja ya Magharibi iliyowahi kuingia katika keki ile. Maganda ya limau yalikuwa nyanya mbichi za bustanini, zilizokatwa vipande vidogo vidogo na kuchemshwa kwa sukari siku tatu. Lozi zilikuwa kokwa za tunda la aprikoti zilizovunjwa kwa nyundo. Zabibu zilikuwa cheri za uani, zilizokaushwa juu ya jiko na kulowekwa katika pombe kali. Vitu vya kwenye kifurushi vilikwenda kwingine kabisa. Kama wangejua, wangemwita mwizi, na angerudi nyumbani hana mtu.

Alikwenda hata hivyo, mwishoni mwa Novemba. Eckhard alimpokea stesheni, akamnyang'anya sanduku.

"Pole na safari, shemeji. Treni zenu zimechelewa tena?"

"Hapana, shemeji. Mpaka tunafika penye mpaka wa zamani tulikuwa kwa wakati. Saa nzima tumeipotezea huku kwenu."

Eckhard alicheka mpaka akaliweka sanduku chini. Traudel naye alicheka, na kwa kitambo kidogo akasahau kilichomleta.

Jikoni Gudrun alikuwa ameshapanga kila kitu mezani: mifuko ya lozi, mifuko ya zabibu, bakuli zima la maganda ya limau yanayong'aa. Traudel alivitazama kwa muda mrefu. Alikuwa mwokaji hodari tangu ujana wake, lakini vitu vile hakuwahi kuvipika hata siku moja, na hakujua viwekwe kiasi gani.

"Hupimi?" Gudrun aliuliza.

"Mkono wangu ndiyo mizani, wifi," alijibu Traudel, akatupia zabibu kwa kubahatisha.

Shtolen hailiwi ikitoka motoni, huachwa kwanza ilale. Hii waliilaza wiki mbili kabatini, na wiki mbili hizo Traudel alikonda. Gudrun alidhani ni ugeni wa mahali, akazidi kumjazia sahani.

Jumapili ya pili ya Desemba majirani walikuja kunywa kahawa. Mishumaa miwili ya kungojea Krismasi iliwashwa, keki ikaletwa, Eckhard akakata. Akafumba macho, akatafuna. Kisha akafumbua jicho moja.

"Nzuri," alisema, kwa sauti ya mtu anayeisifu supu ya hospitali.

Bi Harms, jirani wa mlango wa pili, alimeza kwa kahawa. "Labda Bibi Pietzsch amechoka na safari."

"Safari ya wiki mbili zilizopita?" Eckhard alisema. "Hapana, ni huo uhuru. Miaka yote wako kifungoni wanaoka vizuri, tumewafungulia mlango tu, kazi imewashinda."

Watu wakacheka. Traudel angenyamaza, mambo yangeishia hapo, naye angerudi kwake na ndugu zake mkononi. Lakini kuna maneno mwokaji hawezi kuyameza. Damu ilimpanda, akaweka kikombe chini.

"Mikono yangu haina kosa, shemeji. Hii ndiyo mara ya kwanza kuoka kwa vitu vyenu. Keki mliyokuwa mnaipenda ilikuwa ya nyanya mbichi na kokwa za aprikoti, na kila kitu ndani yake kilitoka kwetu."

Hakuna aliyecheka safari hii. Gudrun alikuwa amemkazia macho.

"Miaka yote?"

"Yote, wifi."

"Na lozi zangu zilikwenda wapi?"

Traudel alijua siku yake imefika, akapiga moyo konde.

"Mwaka wa kwanza zililiwa na dereva wa mkaa, ndipo akatuletea mkaa kabla ya theluji. Baadaye mama yako miguu ikamwisha. Choo kilikuwa uani, na kuoga alioga kwenye beseni jikoni, mimi na Lothar tunamshika huku na huku, naye analia kwa aibu. Kwetu fundi bomba hakutaka pesa, pesa kila mtu alikuwa nazo. Alitaka lozi. Mwenye vigae akataka zabibu. Mwenye tangi la maji ya moto akataka vyote pamoja na kahawa yenu. Vilikwenda vifurushi vya miaka minne. Lakini bafu lilijengwa ndani, hatua sita kutoka kitandani kwake, na mama yako akaoga maji ya moto miaka kumi na mmoja, mpaka alipokufa."

"Mbona hukuniandikia?"

"Barua zilikuwa zinafunguliwa na wapelelezi, wifi. Niandike kwamba fundi wa serikali ya wafanyakazi anajenga bafu kwa lozi za mabepari?"

Bi Harms alipaliwa na kahawa. Eckhard akampigapiga mgongoni, kisha akauliza, "Na baada ya bafu?"

"Baada ya bafu likaja paa, shemeji. Baada ya paa, gari. Kisha nikaona haya. Na keki mlikuwa mnaisifu sana."

Eckhard aliitazama keki, akawatazama majirani zake mmoja mmoja. "Miaka ishirini na mitatu," alisema, "nawasimulia watu hawa utamu wa nyanya mbichi." Bi Harms ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakafuata, na mwishowe Eckhard mwenyewe, mpaka machozi yakamtoka.

Gudrun hakucheka. Traudel alimtazama kwa hofu.

"Mama alikuwa akiniandikia," Gudrun alisema. "Kila Januari. 'Asante mwanangu, zawadi yako inanipasha moto kila Jumamosi.' Nikasema ni uzee tu. Nikajiuliza, keki gani hiyo inayoliwa Jumamosi mwaka mzima?"

Jumamosi, kwa watu wa pande zote mbili, ndiyo siku ya kuoga. Hakuna aliyehitaji kuelezwa pale mezani. Gudrun alinyoosha mkono akaushika ule wa Traudel, akaubana kwa nguvu.

"Bafu bado lipo?"

"Lipo. La kijani, baya kuliko yote uliyowahi kuyaona."

"Jumamosi hii twende. Nataka nikaoge humo."

"Basi shemeji ndiye atakayechochea moto," Traudel alisema, "maana tangi lile halichemki kwa maneno."

Eckhard alikuwa ameshasimama kwenda kutafuta ratiba ya treni.