Upindo wa Barabara

"Imetosha! Jamani, imetosha, na sentimita kumi zimebaki!" Binti wa ofisi ya mipango miji alipiga kelele katikati ya barabara, futi mkononi, hadi injinia akamwomba apunguze sauti, kinyozi asije akamkata mteja sikio.

Asubuhi hiyo, kwenye mkutano wa kukusanya maoni ya wakazi, injinia alikuwa ameshikilia lilelile: barabara ya soko ni nyembamba, njia ya baiskeli yenye kingo za zege haiingii, basi. Binti aliandika huku roho ikimuuma. Baba yake alisambaza mikate kwa baiskeli kwenye barabara hiyohiyo. Alishagongwa mara mbili, na alikuwa ameapa kwamba njia isipojengwa, baiskeli anaiuza.

Ndipo mama mdogo wa binti, fundi cherehani, akatoa pini mdomoni.

"Injinia, umepima nje tu. Ndani umeangalia?"

"Ndani ya nini, mama?"

"We! Kwani nguo unanunua hivyohivyo, hugeuzi upindo?"

Watu wakacheka. Injinia akaiandika hoja kwenye fomu, kama utaratibu unavyotaka, na wote wakatoka kwenda kuangalia. Fundi akapiga magoti kando ya mtaro, akafumua mshono kwa wembe. Lami ikakunjuka mita moja na nusu, nyeusi ti, haijawahi kupigwa na jua, ina alama ya mkunjo kama sketi ya shule iliyoshushwa. Kinyozi akasaidia kuvuta. Muuza viatu aliomba tu wamwachie nafasi ya mkeka. Binti akapima, na hapo ndipo alipopiga kelele.

Walifumua hadi adhuhuri. Mbele ya maegesho ya mkurugenzi wa mji, wembe ukakosa cha kufumua. Upindo ulikuwa umekatwa kwa mkasi, siku nyingi, nyuzi zinaning'inia. Kipande chenyewe kilikuwa kimetandikwa chini ya gari la mkurugenzi, kimekaa vizuri kabisa. Injinia akakitazama, akaandika "mwisho wa njia", akagonga mhuri.

Kingo za zege zilipokamilika, baba alipita sokoni akipiga kengele bila sababu yoyote. Kwenye maegesho alishuka, akasukuma baiskeli hatua tisini, magari yakimpapasa kiwiko, kisha akapanda tena. Jioni alimshika fundi mikono yote miwili.

"Shemeji, Mungu akuzidishie. Leo nimeendesha kama mtu mwenye kwao."

"Kashone na hiyo suruali basi, imechanika nyuma," fundi akajibu, machozi yakimlengalenga.

Baba akamgeukia binti. "Ila pale ninaposhuka, mbona njia imeishia? Kipande kile kilienda wapi?"

Binti, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kulala na habari tumboni, akammiminia chai.

"Kesho, baba. Kesho nakueleza yote, hata jina lake. Leo nisimulie tena ulivyopiga kengele."